Mpira laivu bila dishi: goli unalisikia kwa jirani kabla hujaliona

Swali ninaloulizwa sana na washkaji wenye dishi ni hili, sasa wewe mpira unaangaliaga wapi? Wanauliza kwa huruma kabisa. Naangalia nyumbani wakuu, kwenye kochi langu, miguu juu ya stuli, na dishi sina na wala sina mpango nalo kwa sasa, na kwa jinsi Dar ilivyojaa wapangaji naamini tuko wengi tunaoishi hivi ila hatusemi.

Kwangu mimi tatizo ni bati. Mama mwenye nyumba nilimfuata kwa adabu zote, shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikamweleza kwamba fundi atakuja kufunga kadishi kadogo tu, hakali nafasi, hata yeye akitaka tutamvutia waya mpaka sebuleni kwake aangalie tamthilia. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniambia taratibu, "Mwanangu, aliyekaa chumba hicho kabla yako alitoboa, masika yakaja maji yakaanzia kwenye godoro lake mwenyewe. Bati langu halitobolewi tena." Nikauliza, na ukutani mama? Ukutani kapaka rangi juzijuzi. Basi, kikao kikaisha nikapewa na chai.

Na hata angekubali, kuna mambo ya angani ambayo mtu hayafikirii mpaka fundi ashafika na spana zake. Setelaiti wanayotumia Azam TV ipo nyuzi 7 mashariki, sisi Dar tupo kama nyuzi 39, kwa hiyo dishi lao lazima litazame upande wa magharibi, na pale kwangu magharibi kuna ghorofa limepanda limeziba anga yote. Ya DStv iko nyuzi 36, karibu na utosini kwetu, ghorofa haliwezi kuizuia, ila hapo tunarudi tena kwa mama na bati lake.

Kwa hiyo nikaanza na antena.

Wa umri wangu mnakumbuka antena za zamani, zile za kufunga juu ya mti mrefu, mmoja yuko nje anazungusha na mwingine yuko ndani anapiga kelele hapo hapooo, rudisha kidogo, aah umepitiliza bana. Na hiyo ilikuwa baada ya televisheni yenyewe kufika, maana Bara tulichelewa, ITV imeanza 1994 wakati Wazanzibari wana TV ya rangi toka miaka ya 70, wao walikuwa wanatucheka na walikuwa na haki. Picha ilikuwa na chenga lakini mpira ulionekana, hata kama kila mchezaji alikuwa na kivuli chake ukadhani timu imeingiza watu 22. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ikazimwa Dar, mikoa mingine ikafuata, na chenga ndo zikaishia hapo. Dijitali haina chenga. Ama unaona safi, ama kipa kaganda hewani na uso wake umekuwa viboksi viboksi halafu skrini inakuwa nyeusi kabisa, katikati hamna. Kuna siku unatamani hata zile chenga zirudi, angalau ulikuwa unajua mpira uko upande gani.

Antena ya siku hizi wengi wanaidharau kwa sababu walifungiwa vibaya. Ukiingia kwenye menyu ya king'amuzi pale pa kutafuta chaneli utakuta mistari miwili, mmoja unaonyesha nguvu ya mawimbi na wa pili unaonyesha ubora. Kila mtu macho yanaenda kwenye nguvu. Umefika asilimia 90 fundi anapiga kelele tayari bosi, anashuka, anachukua hela yake anasepa, kumbe ubora uko 30 na kesho yake mechi ikifika dakika ya kumi picha inaanza kukatakata. Wa kuuangalia ni ule wa ubora, ule ukiwa juu hata nguvu ikiwa nusu mpira unaisha salama. Ndo maana kununua busta mara nyingi haisaidii, busta inakuza kila kilichomo kwenye waya, mawimbi pamoja na makelele yake. Dogo aliyenifungia mimi hakuweka busta, alichofanya ni kutoka nje kuangalia antena za majirani zimeelekea wapi na vijiti vyao vimelala au vimesimama, akaiga. Halafu akautoa ule waya wangu mweupe wa bei chee ambao nilikuwa nimeunga kwa selotepu, akakata kipande cha mwisho akanionyesha ndani, nyuzi za shaba zimekuwa za kijani. Maji hayo. Waya ukishanywa maji hata uweke antena ya minara hupati kitu. Akanivutia mmoja mzima kutoka kwenye antena mpaka nyuma ya king'amuzi bila kuunga, na antena ikafungwa kwenye bomba lililosimikwa chini uani pembeni ya karo, bati halikuguswa, mama akapita akaangalia juu akaangalia chini akaendelea na safari yake.

StarTimes walikuja na antena toka mwanzo mwanzo wa dijitali, na siku hizi hata Azam wana kisimbuzi cha antena, na hiyo ndo ilinifanya nitulie, maana ligi yetu iko kwao. Mwaka 2021 walisaini na TFF, shirikisho letu la soka, mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6, kwa hiyo kama wewe ni mtu wa Simba, Yanga, Coastal, Namungo na wenzao, hesabu yako inaanzia hapo na huna pa kukwepea. Faida nyingine ya antena ni zile chaneli za bure. Mnakumbuka sokomoko la 2018, ving'amuzi vya dishi vya kulipia vikaambiwa viache kuonyesha chaneli za ndani za bure kwa sababu leseni zao haziruhusu, mtaa mzima ukawa unalalamika hauoni taarifa ya habari, wenye antena tukawa tunaona kama kawaida.

Na mvua. Hapa naomba nijisifu kidogo. Mawimbi ya dishi yana frikwensi ya juu sana, mvua nzito ikishuka matone yanayameza njiani, ndo maana masika yakipiga dishi zote mtaani zinazima kwa pamoja. Antena inatumia UHF, frikwensi ya chini zaidi, mvua haina habari nayo. Kuna jioni mvua ilipiga ile ya kufunga barabara, mechi iko kipindi cha pili, nasikia hodi, ni jirani yangu mwenye dishi kasimama na kiti chake cha plastiki kichwani kama mwavuli. Hakusema kitu, na mimi sikuuliza, nikamsogezea nafasi. Alipoondoka tu nikacheka mpaka wife akatoka chumbani.

Shida ni kwamba antena haimalizi kila kitu. EPL, yaani Ligi Kuu ya England, na Ligi ya Mabingwa Ulaya huku kwetu ni mambo ya SuperSport, chaneli za DStv, na mimi Arsenal nimeanza kuishangilia toka shule ya msingi siwezi kuiacha kisa bati. Hapo ndo inaingia simu.

Kwenye simu hesabu ni za bando na hesabu zenyewe hazina siri. Mechi na mapumziko yake na dakika za nyongeza weka masaa mawili. Picha ya 480, ambayo kwenye simu inatosha kabisa, inakula kama megabiti 1 kwa sekunde, masaa mawili hapo ni kama MB 900. Ukipanda 720 ni kama megabiti 2.5, inakaribia GB 2.3. Full HD weka 5, hiyo ni GB 4.5 kwa mechi moja na kama Jumamosi una mechi tatu bando la wiki limekwisha kabla hujala. Tatizo programu nyingi zinakuja zimewekwa otomatiki, zikiona mtandao mzuri zinapanda zenyewe zinakula bila kukuuliza, kwa hiyo kitu cha kwanza ingia kwenye mipangilio uifunge kwenye 480. Kwenye TV ya inchi 32 ukikaa mbali kidogo 480 inavumilika, namba za mgongoni huoni ila kwani kuna mtu hamjui Saka anavyokimbia.

Kuitoa simu kwenda TV nako kuna vituko. Watu wa faiba na smart TV hawa tuwaache, wao programu iko kwenye TV moja kwa moja, wanabonyeza rimoti tu. Sisi wengine ni kukasti, yaani kurusha picha ya simu kwenda TV bila waya, au waya wa HDMI wenye kichwa cha Type-C, na simu nyingi za bei ya kawaida ile Type-C yake haitoi picha kabisa, inachaji tu, uulize kabla hujanunua waya maana Kariakoo watakwambia inafanya kazi kwa simu zote. Na kuna vifurushi ambavyo makusudi vimefungwa kwenye simu peke yake, 2024 Showmax walileta kifurushi cha EPL cha simu tu, bei yake ilikuwa chini kwa sababu hiyohiyo, unakaa na kisimu mkononi familia nzima inachungulia begani. Hotspot ya simu moja kwenda simu nyingine inawezekana, ila siku ya dabi mnara wa mtaani unalemewa, kila mtu anafanya unachofanya wewe, kiduara kinazunguka mpaka unapata kizunguzungu.

Halafu kuna linki za mpira wa wizi. Mnajua linki zipi. Telegram, tovuti yenye jina lisilotamkika, unafunga tangazo la kubeti linafunguka la mwanamke, unafunga la mwanamke linafunguka la virusi vimegundulika kwenye simu yako. Mimi sitaki kumhubiria mtu hapa, nasema tu kwamba hizi linki zina tabia ya kufa dakika ya sabini na kitu, pale mechi inapokuwa tamu na wenye haki zao wanapozifukuza. Na ukishaambiwa pakua APK, faili la programu la nje ya Play Store, ndo uone, hapo achana napo, simu ndo yenye M-Pesa yako na namba ya siri yako. Mbaya zaidi ni zile laivu za YouTube za uongo, timu ni zilezile, skoo ya juu ni ya kweli, watu laki na kitu wako ndani wanakomenti, unaangalia dakika tano nzima unajiuliza mbona leo Salah anakimbia magoti hayakunji, kumbe ni gemu la pleisteshen.

Kwa vya bure vya halali navyo vipo, sema vinatokea kwa msimu. Kombe la Dunia la Klabu la 2025 kule Marekani DAZN, app ya michezo, walionyesha mechi zote 63 bure, kujisajili tu kwa email. Ukiwa macho unaokota moja hapa moja pale, na wakati mwingine mashindano makubwa ya mataifa yanaingia hata kwenye chaneli za bure za antena.

Lakini sasa, bando unaweza kununua na linki unaweza kutafuta. Kitu ambacho hela haikipati ni zile sekunde.

Tarehe 5 Novemba 2023, dabi ya Simba na Yanga. Mimi ni Simba, nasema mapema ili mjue naandika nikiwa na maumivu. Siku hiyo umeme ulikuwepo ila king'amuzi changu kilikuwa kwa fundi, kwa hiyo nikaangalia kwenye simu. Jirani wa ukuta wa kushoto ni Yanga wa kadi, ana dishi. Mpira haujakaa sawa nasikia ukuta unatetemeka, gooooo, sufuria zinapigwa, na kwenye simu yangu mpira uko katikati ya uwanja mtu anafunga kamba za viatu. Nikasema labda ni kona tu hawa wanashangilia kila kitu. Nikasubiri. Musonda wa Yanga akafunga. Kibu Denis wetu aliposawazisha, upande wa pili kukawa kimya, na mimi sikujua kwa nini kuna kimya mpaka baada ya nusu dakika, nikashangilia peke yangu mtaa mzima ushamaliza kushangilia. Mapumziko moja moja. Kipindi cha pili nimeletewa manne, na yote manne niliyapokea kupitia ukutani kwanza, halafu nakaa kuyasubiri kwa macho nikijua yanakuja. Kuangalia beki wako anapiga pasi vizuri kabisa huku unajua ndani ya sekunde ishirini mnafungwa, hiyo sio kuangalia mpira, hiyo ni adhabu. La mwisho tu ndo sikulisubiri, niliweka simu chini nikaenda kuoga.

Baadaye nikataka kujua kwa nini. Watu wanadhani ni umbali, kwamba setelaiti iko mbali ndo maana inachelewa. Setelaiti iko kama kilomita 36,000 juu, lakini mawimbi yanakwenda na kasi ya mwanga, kupanda na kushuka ni robo sekunde tu. Kinachochelewesha dishi ni kubana picha na kuifungua, sekunde chache. Antena nayo iko hukohuko, na mara nyingi mnara wenyewe unaletewa picha kwa setelaiti kabla ya kukurushia wewe, kwa hiyo inaweza kuwa nyuma ya dishi kidogo, sio ya kukuharibia siku. Intaneti ni habari nyingine. Mpira unakatwa vipande vya sekunde kadhaa kadhaa, kila kipande lazima kikamilike kwanza, kipandishwe kwenye seva, simu yako ikiite, halafu programu inajiwekea akiba ya vipande viwili vitatu mbele ili mtandao ukiyumba isikwame. Jumlisha hapo, nusu dakika imekwenda, na kadri mtandao wako unavyoyumba inazidi, maana kila ikikwama haikimbii kukufikisha mbele, inaendelea pale ilipoishia. Ndo maana mechi ikifika dakika ya themanini unakuta umeachwa dakika nzima. Dawa yake ndogo, ikishakwama mara mbili tatu, toka kwenye programu uingie upya au bonyeza pale palipoandikwa laivu, inaruka inakuweka karibu.

Na wa kwanza kabisa mjini sio dishi, ni redio. FM ya kawaida, sio ya kwenye app. Mtangazaji anaona kwa macho yake pale uwanjani na sauti inakufikia hapohapo. Wazee wetu wanaokaa barazani na redio ya betri wanaisikiliza TBC Taifa wanajua goli kabla ya mwenye TV ya inchi 75, na wanajua wanajua. Kizazi kilichokua na sauti za akina marehemu Charles Hilary wakati wa RTD, Redio Tanzania ile ya zamani, hakikuwahi kuhitaji picha, mtangazaji alikuwa anakuonyesha hadi jasho la kipa. Kuna watu wanapenda kuzima sauti ya TV wawashe redio, kwa antena unaweza kujaribu, mtangazaji anatangulia kidogo tu unazoea, ila kwa strimu ya simu usithubutu, ni mateso.

Rafiki yangu mmoja anakaa Temeke, karibu karibu na Uwanja wa Mkapa, yeye ana shida ya kipekee. Kwake haihitajiki hata jirani. Sauti hewani inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, tuseme uko kilomita mbili kutoka uwanjani, mlio wa watu elfu sitini unakufikia sekunde sita tu baada ya goli, dishi ndo kwanza linajiandaa na simu yako iko nyuma kabisa huko. Kwake goli linaingia kwa dirishani.

Kwa hiyo mimi nimejipangia hivi. Mechi za ligi yetu na za kimataifa za Simba na Yanga ni antena, hapo niko sawa na mtaa, tofauti ni ndogo kiasi kwamba mimi na jirani tunapiga kelele karibu pamoja. Ile fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika ya Simba na Berkane ya Morocco Mei 2025, marudiano kule Amaan, niliangalia kwa antena na nashukuru, ile 1-1 sikutaka kusimuliwa na ukuta. EPL naangalia kwenye simu na ncha zote mbili za earphone ndani ya masikio, feni imewashwa, data ya WhatsApp nimeizima kwa hiyo simu. Mitaa yetu mechi za Arsenal nyingi hazina kelele sana, labda wakicheza na Man U, na hapo huwa natoka zangu naenda kibanda umiza, natoa hela yangu, nakaa kwenye benchi na watu wanaonuka jasho, wote tunaona kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kuna mechi za kuangalia nyumbani na kuna mechi za benchi, hilo halina dishi wala antena.

Mwaka 2027 AFCON inakuja hapa, sisi na Kenya na Uganda, na najua kila mtu atataka kununua TV mpya. Nunueni, ila waya wa antena msiunge na selotepu.

Na grupu. Hili ndo bado halijatatuliwa. Kwenye grupu letu la washkaji tumepitisha kwamba ukiwa uwanjani au una dishi, huandiki chochote mpaka dakika mbili zipite, huweki hata kiemoji, huulizi hata "mmeona hiyo?". Tulipiga kura kabisa. Sheria ilivunjwa mechi ya kwanza, dakika ya nane, na admin mwenyewe, yuko VIP B, kaandika KIPA WETU JAMANI, sisi wa simu tunaona kipa kaushika mpira vizuri tu kautuliza kifuani, tukabaki tumekaa tunamwangalia huyo kipa kwa wasiwasi, atafanya nini sasa.